Jini wa dahalia naye awekewe mipaka

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na vijana wa Unguja na Pemba wanaoandika riwaya za fumbo zinazotokea skuli za dahalia, yaani za bweni, zile zenye sauti za usiku, mwanafunzi aliyetoweka na mlango uliofunguka wenyewe. Kazi yetu ni kupitia miswada ya hadithi za vijana kabla haijafika kwa mchapaji, na tuna neno moja tu: jini akiingia katika fumbo lazima awekewe mipaka mapema, tena mipaka ambayo msomaji anaiona kwa macho yake. Asipowekewa, hadithi inakufa. Mwizi hapatikani kwa akili ya mtu, anapatikana kwa kuwa jini amesema. Mlango haukufunguliwa kwa ufunguo, jini kaufungua. Msomaji wa miaka 16 aliyekesha kwa kurasa 140 anagundua kwamba amekesha bure, na kitabu cha pili cha mwandishi huyo hakinunui.

Fumbo lenye mambo ya ghaibu si jambo la kuazima kwetu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alichapishiwa Mzimu wa Watu wa Kale, baada ya muswada wake kushinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957/58. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanautazama mzimu kwa hofu, na mpelelezi Bwana Msa anautafuta ukweli kwa kuuliza, kupima na kulinganisha. Mzimu unabaki na heshima yake na mwuaji anabaki kuwa binadamu. Kipimo hicho kinafaa hadi leo, hata kwa mwandishi anayetaka jini wake awe jini kweli na si mtu aliyejifunika shuka.

Mipaka inaanzia katika kuamua ni nani huyo anayetembea usiku. Riwaya za Ulaya na Marekani za namna hii hupenda roho ya maiti: msichana aliyekufa bwenini miaka 100 nyuma anarudi kudai haki yake. Kijana wa Zanzibar akiihamisha roho hiyo kama ilivyo, wasomaji wake wanakwama, maana wamesomeshwa chuo cha Qur'ani kuwa aliyekufa yuko barzakh, anakosubiri Kiyama, na hana habari ya kutembea ukumbini. Lakini wasomaji hao hao wamesikia kuwa kila mtu ana karini wake, jini aliyefuatana naye maisha yake yote, na wapo wengi wanaosema kwamba sauti ya marehemu inayosikika ni ya huyo karini. Hapo pana riwaya nzima, na mpaka wake umekuja nayo bila ya kutafutwa. Karini anayajua aliyoyaona pamoja na mtu wake. Ya baada ya kifo cha mtu huyo mwandishi anaweza kumfungia. Na kwa kuwa ni jini, anaweza kusema kweli na anaweza kusema uongo.

Tuone mpaka huo unavyofanya kazi. Msichana wa kidato cha tatu, tumwite Mwanaidi, amefariki tarehe 12. Katika sura ya 3 sauti yake inasikika dirishani na kutaja alikolificha daftari lake. Wenzake wanakwenda na kulikuta. Katika sura ya 5 wanaiuliza matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ubaoni tarehe 20, nayo inanyamaza. Hakuna mhusika anayesema kwa nini imenyamaza. Katika sura ya 8, wakati watu wanahesabu magunia ya mchele, macho ya msomaji yanapita juu ya mstari katika daftari la stoo: kufuli jipya, tarehe 16. Sura ya 14 sauti inarudi na kusema, "Kufuli la stoo si lile tena." Msomaji makini anainuka kitandani. Karini hawezi kujua habari za tarehe 16. Aliyesema ni mtu, ana koo la mtu, na amesimama nyuma ya dirisha lile kwa miguu miwili. Sauti ya mwanzo ilikuwa ya karini, ya pili ni ya mwigaji. Jini hakudharauliwa na mwovu amekamatwa kwa akili.

Angalia mpangilio wake. Sheria ya jini imeonyeshwa kwa tendo, haikuhubiriwa. Imeonyeshwa mara mbili kabla ya kutumika, na tarehe ya kufuli imewekwa sura sita kabla ya kuhitajika, katikati ya shughuli nyengine. Miswada mingi huharibika hapa hapa: mwandishi anaikumbuka sheria akiwa sura ya 17, anampa mganga mzee aya tatu za kueleza, na mambo yanakwisha kwa maelezo ya mganga.

Anayetaka jini wa aina nyengine ajifunze ada zake kwanza. Ruhani hupenda udi, marashi na nguo nyeupe. Kibuki ametoka Bukini, yaani Madagaska, na ngoma yake ina vileo ambavyo ruhani hawezi kukaa navyo chumba kimoja. Rubamba ni wa Pemba. Ukiwachanganya, bibi yeyote wa Wete au Makunduchi atakifunga kitabu ukurasa wa 20. Aya za Qur'ani zisikatwe nusu wala zisigeuzwe kibwagizo cha kutisha. Ikitosha kusema kuwa mwalimu alisoma na wasichana wakaitikia, iishie hapo. Jini aitwaye Popobawa tunashauri aachwe kabisa katika riwaya za dahalia. Habari zake za mwaka 1995, zilizoanzia Pemba zikavuka mpaka Unguja hata watu wakalala nje makundi makundi, zimebeba kuingiliwa watu usingizini, na mjini Unguja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania ndiye. Hayo ni mambo ya kitabu cha watu wazima.

Sasa kuanguka kwa wanafunzi. Karibu kila muswada wa dahalia una sura ambayo wasichana wanapiga kelele na kuanguka mmoja baada ya mmoja, na karibu kila mara sura hiyo imeandikwa ovyo: wote wanaanguka kwa pamoja, wote wanasema maneno mamoja, kisha mtu anachoma ubani na wote wanaamka. Haiwi hivyo. Tukio lililoandikwa vizuri zaidi katika nchi yetu ni la skuli ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba. Lilianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu walioshikwa na kicheko na kilio kisichozuilika. Mpaka skuli inafungwa tarehe 18 Machi walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159. Walimu hakushikwa hata mmoja. Wasichana waliporejeshwa makwao, hali ile ikatokea pia vijijini, Nshamba ikiwa mojawapo. Waganga wa hospitali walipima wasione sumu wala vijidudu. Walioichunguza waliiona kuwa ni dhiki ya nafsi inayoenea kwa kuonana na kusikiana.

Mwandishi wa fumbo anapata nini hapo? Kwanza, mwendo: wachache, kisha siku za utulivu, kisha wengi. Pili, njia: hali inafuata urafiki, kitanda cha jirani, dawati la pamoja, kwa hiyo chora mstari kutoka kwa wa kwanza mpaka wa mwisho na hakikisha kila mmoja alimwona aliyemtangulia. Tatu, na hili ndilo lenye thamani kubwa kwa fumbo, mtazame asiyeanguka. Chumba cha vitanda 24 wakianguka 17, wale saba waliobaki wana sababu saba, na mmoja wao hakuanguka kwa sababu anajua kelele ile ya kwanza ilitoka wapi. Msichana wa kwanza kuanguka asifanywe mwongo. Anaumia kweli. Riwaya inayomtangaza kuwa alijifanya inamfikia msomaji ambaye dada yake ameanguka juzi, na inampa sababu ya kumcheka.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chora ramani ya dahalia kwenye karatasi: vyumba, ukumbi, vyoo, kisima, jiko la kuni, stoo, nyumba ya matroni, kibanda cha mlinzi, pengo la ukuta. Andika kila dirisha lina nondo au halina. Andika funguo zote na mikono inayozishika. Ikiwa stoo ina funguo mbili, ya pili iko kwa nani na inatundikwa wapi. Kisha ratiba: kengele ya alfajiri, uji, masomo ya usiku, kuhesabiwa vitandani, kuzima taa. Makosa yote ya binadamu katika riwaya hii yatafanyika katika mianya ya ratiba hiyo, hivyo jua kila mwanya una dakika ngapi. Kutoka ukumbini mpaka kisimani na kurudi na ndoo iliyojaa si dakika mbili.

Dahalia zetu zina sauti na vivuli vya kutosha kumtisha mtu bila ya jini. Bati lililochomwa na jua mchana kutwa hujikunja likipoa baada ya maghribi, na hulia kwa mapigo mithili ya mtu anayetembea juu ya paa; kiasi cha saa mbili usiku linanyamaza. Kwa hiyo nyayo za juu ya paa zinazosikika saa tisa usiku si za bati. Komba hulia kama mtoto mchanga. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani na ana makazi mashuhuri Kidike, huweza kutanua mbawa zaidi ya mita moja na nusu. Kivuli chake kikipita mbele ya mwezi ukutani ni cha kumwamsha mtu. Visima vya karibu na pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe hupanda na kushuka maji kufuata bahari, na msichana aliyetoka shamba la ndani ndani akiliona hilo kwa mara ya kwanza atasema kisima kinapumua. Kila kimoja kati ya hivi kiwe na kazi mbili: kitishe mara ya kwanza, kisha kiwe kipimo. Mara ya tatu msomaji mwenyewe anapambanua kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida.

Bahari ndiyo shahidi asiyehongeka, na inashangaza kuona waandishi wa visiwani wanavyoisahau. Huku kwetu, siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti baina ya kujaa na kutoka hukaribia mita nne. Kila siku wakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa kumi maji yametoka, lakini ni maji mafu, hayajatoka sana. Sasa tia jambo hili katika fumbo. Mlinzi anadai kwamba usiku wa mwezi 15, yaani siku ya 15 ya mwezi wa Kiislamu, saa kumi alfajiri, alimwona Mwanaidi akivuka mkondo wa mikoko kwa miguu kuelekea kisiwani, akiwa amevaa nguo nyeupe. Skuli nzima inasema ni jini. Mtoto wa mvuvi wa mji wa Mkoani, Pemba, hana haja ya kubishana juu ya majini. Saa ile mkondo una kina cha kumzamisha mtu mzima. Ama mlinzi amemwona kiumbe kinachotembea juu ya maji, ama mlinzi anasema uongo, na mwandishi anaweza kuziacha njia zote mbili wazi kwa sura tatu nzima. Hakuna mandhari ya kuazima itakayokupa fumbo hilo.

Mwezi nao una hesabu yake. Usiku wa 14 na 15 unachomoza maghribi. Usiku wa 20 unachomoza kwenye saa nne au saa tano. Usiku wa 27 hauonekani mpaka karibu na alfajiri. Mbalamwezi ya saa tatu usiku katika mwezi 27 tunaikuta katika miswada mara nyingi mno. Na uchague kalenda moja ya ushahidi: tarehe ya Kiislamu inageuka maghribi, tarehe ya simu inageuka saa sita za usiku. "Usiku wa Ijumaa" kwa matroni ni Alkhamisi usiku; kwa polisi anayesoma ripoti huenda isiwe hivyo. Kutofahamiana huku kunaweza kumpa mshukiwa kisingizio cha siku nzima, ikiwa mwandishi amekusudia. Kukitokea bila ya kukusudia, ni kosa.

Ramadhani ni zawadi kwa fumbo la namna hii. Waislamu wanajua hadithi ya Mtume kwamba mashetani hufungwa katika mwezi huo, na wenye ngoma za mashetani huzipumzisha. Mwandishi akibakisha darasa la mtihani dahalia Ramadhani, na sauti ikaendelea kama kawaida, basi swali limebadilika mbele ya wasomaji wote bila ya mtu kulitamka.

Juu ya mahali: buni skuli. Skuli ya kweli ina wanafunzi wa kweli, na uvumi wa kitabu unawaganda. Lakini iweke katika ardhi ya kweli. Mbweni, Unguja, yapo magofu ya skuli ya wasichana iliyojengwa na wamisheni wa Kiingereza miaka ya 1870 kwa ajili ya watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Palikuwa na bweni hapo kabla ya dahalia zetu nyingi. Pujini, Pemba, pana magofu ya ngome inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, na kisima kinachosimuliwa kuwa kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakichota maji. Ukiandika habari za Pemba kabla ya 2010, kumbuka kuwa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuwa haujafika, umeme ulikuwa wa majenereta, na kiza kilikuwa jambo la kila wiki. Simu skuli nyingi hukatazwa. Simu moja iliyofichwa ni ushahidi mzuri, ila inataka chaji. Onyesha inachajiwa wapi.

Kipemba kiandikwe na anayekijua. Asiyekijua amwachie mhusika Kiswahili cha kawaida.

Kuhusu ukubwa, maneno 40,000 yanatosha, sura 20 za maneno 2,000. Kwa maneno 250 kwa ukurasa wa A5 hizo ni kurasa 160, fomu 10 za kurasa 16 (fomu ni karatasi kubwa ya mchapaji inayokunjwa), na mchapaji hatakuuzia karatasi tupu mwishoni. Washukiwa watano, wote wawe wameonekana na kusema neno kabla ya sura ya 5. Ukweli mkubwa kila mmoja uwe na dalili tatu zilizotawanyika, maana msomaji atakosa moja na kusahau nyengine. Mhalifu akiwa mtu mzima, mpe sababu inayofahamika: mchele wa stoo, fedha za ada, barua asiyotaka isomwe. Na mkutano wa kufumbua fumbo ufanywe na wanafunzi wenyewe. Mwalimu mkuu akija sura ya 19 na kueleza kila kitu, vijana walikuwa abiria tu. Jini abakishiwe jambo moja lisilofafanuliwa, moja tu, na liwe lile lisilomtia mtu hatiani.

Kwako wewe, Mhariri. Hadithi ya kiasi hicho inaweza kuchapwa kwa mfululizo wa matoleo 40 ya maneno 1,000, toleo moja kila wiki, yaani miezi tisa na kidogo. Tunakuomba ufikirie kuanza na mwandishi mmoja kijana kutoka Pemba au Unguja, na muswada uwe umekamilika wote kabla ya toleo la kwanza, kwa sababu dalili ya toleo la 28 inapandwa katika toleo la 9 na haiwezi kurudishwa nyuma. Ukurasa ukibana, punguzeni maelezo ya mandhari. Msiguse tarehe, saa, idadi wala majina ya walioshika funguo. Na tarehe ikikosewa kwa bahati mbaya, sahihisho liwekwe juu ya toleo linalofuata, kwa herufi za ukubwa ule ule wa hadithi, kabla ya mstari wake wa kwanza.

Ni sisi wapitiaji wa miswada ya vijana,
Chake Chake, Pemba